Yokohama, Chiba na Shamba la Babu

Watu wa Mombasa waendao Yokohama aghalabu huenda kwa ajili ya magari. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani wa magari yao uko kulia kama wetu, na maadamu sheria ya Kenya haikubali gari lililozidi umri wa miaka 8 kuingia nchini, wafanyabiashara wetu wamezoea kwenda mnadani kule wakachagua lile ambalo umri wake bado unaruhusu, wakalilipia, wakalipakia melini, kisha wakarudi kulingoja Kilindini. Mtoto wa ami yangu amekuwa katika kazi hiyo tangu ujana wake, na Yokohama anaijua kama mtu ajuavyo soko: milango ya kuingilia, milango ya kutokea, na mahali panapopatikana chakula cha halali. Lakini katika safari hii niliyofuatana naye magari yalikuwa kisingizio tu. Azma yake ilikuwa gofu.

Sisi wa ukoo wetu tumeachiwa na babu shamba nyuma ya Mtwapa, refu na jembamba, lenye minazi iliyozeeka na mikorosho michache, ambalo halijagawanywa tangu marehemu alipoiaga dunia, na ambalo kila mmoja wetu ana fungu lake kwa mujibu wa sheria ya mirathi bila ya mtu yeyote kuweza kuonyesha kwa kidole fungu hilo liko wapi. Mtoto wa ami yangu aliona huko Nairobi, ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa barabara ya Ngong, watu wasio wanachama wa klabu yoyote wakilipa kiasi, wakipewa kikapu cha mipira, wakisimama juu ya mikeka na kuipiga mmoja baada ya mmoja kuelekea mbele mpaka kikapu kimalizike, kisha wakienda zao bila ya kuufuata hata mpira mmoja. Akarudi Pwani na fikira moja. Mombasa, akasema, ina gofu tangu mwaka 1911, ilipoanzishwa klabu yenye mashimo 9 juu ya majabali yanayotazama bahari. Nyali kuna uwanja. Vipingo kuna uwanja ambao mwaka 2019 ulichezewa mashindano ya wanawake mabingwa wa Ulaya. Lakini karani wa bandarini, mwalimu wa shule, au yule kijana abebaye mifuko ya wachezaji na ambaye pengine anaujua mchezo kuliko wao, hao wapige wapi? "Na shamba la babu," akamalizia, "limelala kaskazini na kusini, halina bonde wala mlima. Latungoja sisi."

Wazee wa ukoo hawakulikataa jambo lake wala hawakulikubali. Walisema tu kwamba aendapo Japani, nchi ambayo imefanya biashara hii kuliko nchi nyingi duniani, afuatane na mtu asiye na hamu ya gofu, ili arudi na habari kamili. Hamu ya gofu sina, na fungu katika shamba ninalo. Uchaguzi ukaniangukia mimi.

Gofu iliingia Japani kwa mkono wa mgeni. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza, Arthur Hesketh Groom, aliyekuwa amekaa Kobe kwa miaka mingi, alifyeka vichaka juu ya Mlima Rokko mwaka 1901 na kutengeneza mashimo 4 kwa ajili yake na rafiki zake, na mwaka 1903 ikazaliwa hapo klabu ya kwanza nchini. Kwa nusu karne mchezo ukabaki kuwa wa wageni na wenye nafasi zao. Kisha mwaka 1957, katika uwanja wa Kasumigaseki ulio kaskazini-magharibi ya Tokyo, Wajapani wawili, Nakamura Torakichi na Ono Koichi, walilitwaa Kombe la Kanada, la timu za mataifa, mbele ya Wamarekani, na huku bingwa wao Sam Snead mwenyewe akiwa miongoni mwa walioshindwa. Televisheni ikawaonyesha wananchi ushindi huo, na tangu hapo kila mwenye kazi ya mshahara akatamani kuwa na fimbo.

Kutamani ni jambo moja na ardhi ni jambo jingine. Japani ni nchi ya milima, tambarare zake ni haba, na hizo chache zimekwisha kukaliwa na mpunga, viwanda na nyumba, ilhali uwanja kamili wa mashimo 18 hula zaidi ya ekari mia. Bei ya uanachama ikapanda pamoja na bei ya ardhi, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 hati za uanachama zikawa zinauzwa na madalali kama zinavyouzwa hisa za makampuni, na klabu ya Koganei, pembezoni mwa Tokyo, ikapindukia yen milioni 300 kwa mtu mmoja. Mwaka 1990 bei zilianza kuporomoka, na wengi walioweka akiba zao katika hati hizo wakabaki na karatasi. Lakini zamani zile za neema na hizi za baada yake zote mbili zilimwachia mtu wa kawaida njia ile ile: apande treni, ashuke karibu na nyumbani kwake, aingie katika uwanja wa mazoezi uliozungushiwa nyavu, apige mipira yake mia, kisha akale chakula cha usiku. Wako Wajapani wanaopiga gofu kila juma ambao hawajapata kukanyaga nyasi za uwanja wenyewe. Na wale waendao, kwa kuwa desturi humtaka aliyeutia mpira shimoni kwa pigo moja awakirimu wenzake kwa karamu na zawadi, hujikatia bima dhidi ya bahati yao njema. Sijui kwingine ambako mtu hulipa bima kwa kuogopa kufaulu.

Uwanja wa kwanza tuliouzuru ulikuwa Yokohama kwenyewe, juu ya kilima chenye nyumba zilizobanana, na tuliufikia baada ya maghribi tukiongozwa na mzee mmoja mwenyeji wa Tanga, ambaye alioa huko, akalea watoto huko, na sasa huwakalimania watu wa Afrika ya Mashariki katika minada. Sisi tulimwita Mzee wetu, na yeye alimwita mtoto wa ami yangu kijana, ingawa kijana mwenyewe ana wajukuu. Mtu hafiki kuuona uwanja kabla ya kuuona wavu: ukuta wa kijani unaopenywa na mwangaza, uliotundikwa juu ya nguzo za chuma zilizo ndefu kuliko mnazi wowote wa kwetu, umezunguka pande tatu. Upande wa nne ni jengo la ghorofa mbili lililo wazi kwa mbele, limegawanywa vizimba, kila kizimba na mkeka wake wa nyasi za bandia, na kila mkeka na mtu wake. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Zilisikika fimbo tu zikigonga mipira, moja huku, nyingine kule, bila ya kukoma. Wengi wao walikuwa wametoka kazini moja kwa moja. Mmoja aliyekuwa jirani yetu aliikunja tai yake vizuri, akaitia mfukoni mwa shati, akaanza.

Mzee wetu alitununulia kadi dirishani, nasi tukaitia katika mashine iliyo kando ya mkeka, na mpira ukachomoza kutoka chini. Katikati ya mkeka mna tundu, na ndani ya tundu mna kijiti laini ambacho hushuka, kikapokea mpira huko gizani, kikapanda nao mpaka kimo ulichokichagua, kikatulia kukungoja. Ukiupiga, hushuka tena kuleta mwingine. Mpigaji hainami hata mara moja. Mtoto wa ami yangu, ambaye amejifunza mchezo kiasi, alipiga mipira kadhaa iliyokwenda kulia zaidi kuliko ilivyokwenda mbele, kisha akaiweka fimbo chini na kupiga magoti achungulie lile tundu, hata majirani zetu wa pande zote mbili wakageuka kwa adabu na kutazama kwingine.

Kadi hukatwa kwa kila mpira, yen kumi na kitu, na ghorofa ya chini ni ghali kuliko ya juu, kwa sababu mpigaji wa chini huuona mpira wake ukipanda kama atakavyouona uwanjani, ilhali yule wa juu huuona ukiteremka tu, na pigo baya likamdanganya kuwa ni zuri. Lakini kilichomkosesha usingizi mtoto wa ami yangu usiku ule ni sakafu ya uwanja. Imetandikwa nyasi za bandia, na imeinamishwa kidogo sana, kiasi cha jicho kutotambua, ili mipira ibingirike yenyewe mpaka mferejini. Mferejini mna maji, na maji huisukuma mpaka shimoni. Kutoka shimoni ukanda huipandisha, brashi zikaisugua, ikarudi chini ya mikeka. Mpira uliopigwa saa mbili usiku huweza kupigwa na mtu mwingine saa tatu, na baina ya watu hao wawili usiguswe na mkono wa binadamu. Wafanyakazi tuliowaona ni wawili: bibi mmoja dirishani na kijana mmoja mwenye ufagio.

Hotelini alifanya hesabu, nami naiandika hapa kwa kuwa kila atakaye kazi hii ni wajibu aianze nayo. Mtu asiyepumzika sana hupiga mipira 100 kwa saa bila ya taabu. Mikeka 10 ikijaa, hiyo ni mipira 1,000 kwa saa. Mwenye mipira 3,000 basi ana saa tatu tu kabla hajalazimika kuwasimamisha wote akaiokote, na saa hizo tatu, tangu alasiri mpaka kiza kuingia, ndizo hasa ambazo wateja huja. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye uwanja wa mazoezi ni jinsi mipira itakavyorudi, na asiyekuwa na jawabu la swali hilo asijishughulishe na kuchagua rangi ya vikapu.

Tulikwenda pia Kasai, mashariki ya Tokyo, ambako kuna uwanja wenye ghorofa tatu, vizimba 300 na masafa ya yadi 250. Ni jambo la kustaajabisha kuona watu mia tatu wakipiga kuelekea upande mmoja, lakini kwa mtu mwenye shamba la minazi Mtwapa halina funzo. Mwenye dau hajifunzi kazi kwa kutazama meli ya mafuta. Tulinunua kahawa ya kopo, moto, kutoka katika mashine iliyo ukutani, tukaondoka.

Safari ya Chiba ndiyo iliyokuwa na faida. Mzee wetu alituchukua kwa gari lake, tukaivuka Ghuba ya Tokyo kwa barabara ile iliyofunguliwa mwaka 1997, ambayo kutoka Kawasaki huzama chini ya bahari karibu kilomita 10, ikaibuka katika kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono, kisha ikaendelea juu ya daraja mpaka Kisarazu. Kwa mtu aliyezoea kungoja feri ya Likoni juani, kuvuka bahari bila ya kuiona ni jambo linalomwachia uchungu kidogo. Lakini naliacha hilo, kwa kuwa si la gofu.

Mji wa Ichihara una viwanja vya gofu zaidi ya 30, na hakuna mji mwingine wowote wa Japani uliofikia idadi hiyo. Vilima vyake vya ndani vimechongwa vyote, na barabara zake Jumamosi alfajiri hujaa magari yenye mifuko mirefu nyuma. Ichihara pia ndiko kulikotokea jambo ambalo wenye viwanja vya mazoezi bado hulitaja kwa sauti ya chini. Alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2019 kimbunga kiitwacho Faxai kiliipita ghuba, na mjini Chiba mvumo wake mkali ulipimwa mita 57.5 kwa sekunde. Desturi ni kuteremsha nyavu dhoruba inapotangazwa, maana wavu ulioachwa juu hugeuka tanga, na nguzo ni mlingoti usio na chombo cha kusukuma. Katika uwanja mmoja nyavu hazikuwa zimeteremshwa. Nguzo za chuma zililala zikiwa zimeshikana, safu nzima, zikaangukia mapaa ya nyumba za majirani, na picha zake zikazunguka dunia. Ugomvi wa fidia ukaendelea muda mrefu baada ya upepo kutulia.

Mtoto wa ami yangu, ambaye alikuwa amekwisha kuulizia bei ya nguzo, alikaa kimya mpaka tulipofika kwa mtu tuliyekuwa tukimwendea.

Huyo alikuwa mzee mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa, ambaye uwanja wake uko kando ya mashamba ya mpunga, hauna ghorofa wala mashine ya kuchomoza mipira, na nyavu zake ni fupi, za pembeni tu. Mbele hapana wavu wowote. Kuna nyasi za kweli, mabango ya kuonyesha masafa, na mwishoni kabisa mianzi. Alitukaribisha katika chumba kidogo chenye jiko la mafuta ya taa, akatumiminia chai ya kijani, akatuwekea njugu za kukaanga, maana Chiba ni mashuhuri kwa njugu Japani nzima, na kabla hajaulizwa lolote alimwuliza Mzee wetu kama sisi ni wapigaji au ni wanunuzi wa ardhi. Alipoambiwa kwamba tunataka kuanzisha uwanja kama wake, alicheka mpaka akaivua kofia.

Tukatoka akatuonyesha. Mkeka, alisema, huliwa mahali pamoja, pale fimbo inaposhukia, kwa hiyo yeye huuzungusha robo kila baada ya muda ili uliwe pande zote nne kabla ya kutupwa. Na mkeka mgumu sana uwekwao juu ya saruji tupu humwumiza mteja viganja na viwiko, naye hatakwambia, ila hatarudi. Mipira ya uwanja wa mazoezi si ile ya mashindano: ni ya tabaka mbili, ganda lake ni gumu, imetiwa mstari wa rangi ili mtu akiipeleka kwingine ijulikane ilikotoka. Alichukua mmoja kutoka ndoo ya mipira iliyostaafu, akaukwaruza kwa ukucha vishimo vilivyokwisha kulika, akamwambia mtoto wa ami yangu aushike. Ulikuwa laini kama yai, na mpira ulio laini hauendi mbali, kwa kuwa vishimo vile ndivyo viubebavyo hewani. Kuokota, yeye hutumia gari dogo lililozungushiwa waya pande zote, likikokota nyuma yake safu ya visahani vinavyonasa mipira na kuitupa vikapuni. Na hapa alitabasamu, akasema kwamba hapana mpigaji, awe hakimu au daktari, asiyelilenga gari lile linapopita.

"Na nguzo?" akauliza mtoto wa ami yangu. "Mwambie, Mzee wetu, sisi tunafikiri kuzungusha nguzo za mita 20."

Yule mzee alisikiliza, akatazama mianzi yake. "Kijana," akafasiri Mzee wetu, "yeye asema hivi: mwenye ardhi fupi hununua nguzo, mwenye ardhi ndefu hununua mipira. Auliza shamba lenu lina urefu gani."

Tulipomtajia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mpira wa gofu, kwa kanuni, hauzidi gramu 45.93 na kipenyo chake hakipungui milimita 42.67, ni kitu kidogo, lakini kikitoka katika fimbo ya mtu mwenye nguvu kinaweza kuvunja kioo cha gari, au jicho, au ujirani wa miaka hamsini. Urefu wa ardhi ndio bima iliyo rahisi kuliko zote. Upana nao usidharauliwe, kwa sababu wanafunzi, nao ndio wateja, hupiga pembeni. Mikeka ya pembeni igeuzwe kidogo kuelekea katikati, alisema, na aliyeanza leo awekwe katikati, asiwekwe ukingoni. Uwanja wake unatazama kaskazini, kwa kuwa Japani jua huwa kusini, na mpigaji hulipa mgongo. Kwetu sisi, tulio karibu na mstari wa ikweta, jua hukaa kaskazini kwa miezi kadhaa na kusini kwa miezi mingine, likiwa juu ya utosi zaidi kuliko usoni, kwa hiyo kaskazini na kusini ni sawa. Ubaya ni mashariki na magharibi, maana mteja wa jioni hataona mpira wake ulikokwenda, na asiyeona mpira wake haoni sababu ya kulipa.

Fedha? Hapa alikuwa mkweli kwa namna ambayo sikuitarajia kwa mtu anayezungumza na wageni. Mipira hulipa umeme na mshahara wa kijana mmoja. Mwalimu, ambaye huja siku maalumu na kufundisha akina mama asubuhi na watoto alasiri, huleta zaidi ya mipira, kwa kuwa mwanafunzi wake hurudi kujizoeza. Wakati wa mvua na theluji, hapana kitu. "Uwanja haukunitajirisha," alisema. "Umeniwekea ardhi."

Baba yake alikuwa mkulima wa mpunga na wa matunda ya peasi. Watu walipokuwa wakipigania kuinunua ardhi katika miaka ile ya wazimu, yeye alikataa kuuza, akakataa pia kuiacha tupu, akang'oa miti akaweka mikeka. Uwanja ukalipa kodi ya ardhi mwaka baada ya mwaka, ukawasomesha watoto, na ardhi ikabaki. Lakini Japani ina kodi ya urithi ambayo kiwango chake cha juu kabisa hufika asilimia 55, na warithi hupewa miezi 10 kuilipa. Baba alipokufa, mzee huyu na dada zake waliuza nusu ya eneo ili wabaki na nusu. Zile nyumba tulizoziona njiani zimejengwa juu ya peasi za baba yake. Mwanawe yuko Osaka, ana kazi nzuri, hapigi gofu. "Siku nitakayokufa," alisema, akimenya njugu, bila ya huzuni yoyote, "patajengwa nyumba nyingine." Ndivyo viwanja vingi vya namna hii vilivyotoweka huko: mwenye uwanja amekufa, kodi imedai, na ardhi ikauzwa, hata kama wateja walikuwa bado wamepanga foleni.

Maneno hayo ndiyo niliyorudi nayo, na ndiyo niliyowasomea wazee wa ukoo. Mtoto wa ami yangu aliwasomea ya mikeka na mipira, kwa ufasaha, nao wakamsikiliza. Akawaeleza kwamba hatutaweka nguzo, wala mashine, wala taa kwa mwaka wa kwanza, maana hewa ya chumvi hula chuma na umeme hula faida. Kwamba tutaanza na mikeka 10 chini ya paa la makuti lenye kimo cha kutosha fimbo isikwaruze boriti. Kwamba tutaelekea kaskazini, ili kusi itusukume mgongoni katika miezi ya watalii wachache na kaskazi itupige usoni katika miezi ya watalii wengi, jambo ambalo si hasara, kwa sababu upepo wa usoni huirudisha mipira karibu. Na kwamba mbuzi wa jirani watatusaidia kufyeka majani, mradi wafungwe kabla ya saa kumi jioni. Watoto wa mtaa wataiokota mipira na kutuuzia wenyewe. Hilo tumekwisha kulikubali, na limetiwa katika hesabu.

Lakini mimi niliwauliza jambo moja tu: ardhi ni ya nani? Japani warithi huuza kwa sababu serikali inataka fungu lake. Kwetu hapana kodi ya namna ile, ila kuna mirathi, na mirathi haina miezi 10: yaweza kulala miaka thelathini, kisha ikaamka siku ile ile uwanja unapoanza kuleta faida. Mjukuu ambaye hajapata kulitia mguu shamba atakumbuka fungu lake atakaposikia kwamba watu huja na magari. Mwingine atasema ardhi ni ya wote, lakini minazi ile mitatu pale katikati aliipanda baba yake, naye atakuwa na haki, kwa kuwa Pwani si ajabu mti kuwa wa mtu na udongo chini yake kuwa wa mtu mwingine. Nimeona duka likifungwa kwa sababu ya mwembe.

Kwa hiyo tulikubaliana, baada ya mabishano ambayo sioni haja ya kuyaeleza, kwamba uwanja usiwe wa ukoo wala ardhi isiwe ya uwanja. Mtoto wa ami yangu atakuwa mpangaji kama mgeni yeyote. Atatia saini mkataba wa miaka 15 na warithi wote, atalipa kodi kila mwaka ikagawanywa kwa mafungu ya kisheria, kadhi akiwa shahidi wa mafungu hayo. Atafidia kila mnazi utakaokatwa kwa jina la mwenye nao. Na muda utakapokwisha ataondoa mikeka yake na kuiacha ardhi kama alivyoikuta, isipokuwa makuti. Alinuna siku kadhaa, akisema kwamba amekwenda mpaka Chiba kujifunza biashara akarudishwa kuwa mpangaji katika shamba la babu yake mwenyewe. Nilimkumbusha kuwa yule mzee wa Chiba, mwenye hati mkononi na asiyebishana na mtu, bado aliuza nusu.

Wewe msomaji uliye na kiwanja cha namna hiyo, Tanga, Lindi, Malindi au Unguja, na ambaye umekwisha kuanza kuulizia bei ya mipira, anza na orodha ya warithi. Iandike yote, waliokuwepo na waliosafiri, uwapelekee karatasi mmoja mmoja, usiridhike na salamu.

Yetu ina majina ya kutosha, na saini zimebaki tatu. Mbili ni za ndugu wawili walioko Lamu ambao hawasemezani, kwa hiyo karatasi itabidi ipelekwe mara mbili. Ya tatu ni ya shangazi yetu aliyeko Maskati, ambaye ametuma ujumbe wa sauti akiuliza kama wachezaji watavaa kaptula, na kama uwanja utafungwa wakati wa sala ya Ijumaa. Tumemjibu kwamba utafungwa. Mpaka saini hizo zitimie, hatununui hata mpira mmoja.